Ulimi wa Kuazima

Vikombe arubaini juu ya meza ya bati,
vyeupe, visivyo mikono, vimenyooka kama safu ya Ijumaa.
Dakika sita. Saa ya ukutani
inapiga kelele kuliko malori ya Shimanzi.
Mbodze yuko kushotoni kwangu, kijiko mkononi,
aproni yangu ya zamani imempita magoti.

Miaka minne alishona magunia ghalani,
akapandishwa kwa sababu pua yake
ilikamata gunia lenye ukungu kabla ya mashine.
Nikaambiwa: mfundishe.

Siku ya kwanza nilimfundisha kukosa adabu.
"Fyonza. Kwa kelele. Chai ipige kaakaa
kama mvua kwenye mabati."
Akaona haya; kwao Rabai anayefyonza uji hivyo
hula kofi la kisogo.
Akafyonza. Akapaliwa. Akatema nje ya ndoo,
tukacheka mpaka mizani ikatikisika.

Nilikuwa na maneno yangu, ya ofisini,
niliyorithi kwa walionitangulia:
kali, butu, mbichi, nzito, iliyoungua.
Nikayabandika ukutani ayakariri.
Akisema, "Hii ni embe bichi la chumvi na pilipili,"
namkata: "Sema kali. Wanunuzi hawali embe."

Hiyo ilikuwa kabla ya homa ya mwezi wa nne.

Homa ilipoondoka iliondoka na mzigo wangu.
Nilitia karafuu mdomoni, nikatafuna kijiti.
Mahamri ya jirani, sifongo.
Nikipita Kibarani, watu wameziba pua,
mimi nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma
nikapata hewa tupu.
Sikumwambia mtu. Nina karo ya kulipa. Nina jina.

Ndipo nikaanza kuuliza.
Unapata nini, Mbodze?
Mbele ya ulimi au pembeni?
Inakaa, au inakimbia? Inakukumbusha nini?
Meneja akapita, akasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika:
"Hivi ndivyo watu wanavyofundishwa,"
akataka niende nikawaonyeshe na wa Changamwe.
Kuuliza si ujinga, wanasema.
Kwangu kulikuwa fimbo ya kipofu.

Naye, kwa kuwa sikumkata tena, akafunguka.
Hii ni mkeka mpya, siku yake ya kwanza juani.
Hii ni sarafu uliyoifumbata toka nyumbani hadi dukani.
Hii (akafumba macho)
hii ni nyumba iliyotoka kupakwa chokaa,
na chumba cha pili mtu anachemsha mbaazi.
Nami nikaonja. Wallahi nilionja,
ila kwa sikio.

Juma lililopita alinisogezea kikombe cha kumi na tisa.
"Na wewe, Bi Rukia, unapata nini?"
Nikafyonza kwa fahari ya miaka ishirini na mmoja.
Nikatema. Nikasema: "Angavu. Nzito kidogo. Ya milimani hii."
Akanitazama kitambo.
Kisha akamgeukia Mwachiro wa birika, taratibu:
"Haya maji umeteka kisimani. Chumvi tupu.
Safu yote hii imwage, uchemshe upya."
Mwachiro hakuwa amesikia sifa zangu.
Au alisikia.

Kesho yake sikuuliza. Uso wa kuulizia sikuwa nao.
Nilishika kalamu, nikainamia daftari
kama mtu anayetafuta kosa la hesabu.
Mbodze akachota, akafyonza kwa zile kelele nilizomfundisha,
akasema bila kuulizwa,
kwa sauti ya kunifikia mimi peke yangu:
"Cha kwanza. Pembeni ya ulimi. Kinakaa.
Embe bichi, la chumvi na pilipili."

Nikaandika: kali.
Nikakata.
Nikaandika: embe.